Nani Ameimba "Kifungo cha Tatu"

Jumatatu, tarehe 4 Juni

Jana mkutano. Nilishinda kwa hoja, nikashindwa kwa makofi. Naandika haya nikiwa mtulivu kabisa, kwa kalamu ya pili; ya kwanza imevunjika.

Kwa faida ya vizazi vitakavyoisoma shajara hii, naeleza hali ilivyo. Mimi ni mwalimu wa historia, na ni Mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Wana wa Cherehani. Wana wa Cherehani ni ndugu watatu, watoto wa mshonaji, ambao wakiwa wadogo waliimba kwa sauti zilizounganishwa vizuri hata huoni mshono. Wa kwanza msichana; tunamwita Dada Mkubwa. Wa pili mvulana, Kaka wa Kati. Wa mwisho msichana, Kitinda. Walirekodi santuri chache, wakakua, wakaacha. Iliyo bora kuliko zote ni "Kifungo cha Tatu". Ndani yake kuna sauti ya kwanza, ile inayotangulia na kubeba maneno huku nyingine zikiifuata. Swali la maisha yetu: sauti hiyo ni ya nani?

Ni ya Dada Mkubwa. Haihitaji elimu, ingawa elimu ninayo.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni daktari wa meno, anasema ni ya Kitinda. Simlaumu. Mtu aliyezoea kusikiliza watu walioachama hawezi kuwa na sikio la muziki.

Tunakutana kila Jumapili katika saluni ya Katibu wetu, ambaye ni msusi. Wanachama hukaa chini ya mashine za kukaushia nywele. Mwenyekiti hukaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo kikubwa. Kiti chenye mikono miwili, ngozi nyeusi, na pampu ya mguu. Ukiikanyaga, kinapanda. Nimeongoza mijadala mingi kutoka juu ya kiti kile. Hoja ikiwa nyepesi nabaki chini. Ikiwa nzito, napanda.

Jana nilipanda mpaka mwisho. Shemeji akasimama na kudai kwamba sauti ya kwanza ina filimbi ndogo kila inapofika kwenye herufi s. Kwamba filimbi ile ni ya mtoto mwenye pengo la mbele. Na kwamba aliyekuwa na umri wa kung'oka meno ya utoto wakati ule ni Kitinda peke yake. Wanachama wakaguna kwa kumkubali. Nikamuuliza kama amemaliza. Akasema bado, shemeji, anangoja nishuke kidogo kwa sababu shingo inamuuma kunitazama. Kicheko kilikuwa kirefu kuliko ulivyostahili mzaha wenyewe.

Ndipo niliposema nililosema. Nalinukuu kikamilifu: "Ndugu wanachama, Jumapili ijayo nisipothibitisha kwamba sauti ya kwanza ni ya Dada Mkubwa, nitashuka kwenye kiti hiki na sitakikalia tena." Shemeji naye akaahidi kwamba akishindwa atafagia nywele za saluni mwaka mzima. Katibu aliyaandika yote mawili kwa haraka isiyo ya kawaida yake. Kisha akakitazama kiti.

Leo nimekwenda kwa mchonga vibao. Chama kilishakubaliana kutundika kibao cha shaba juu ya kioo, kutaja mwenye sauti ya kwanza mara tu atakapojulikana. Nimeagiza kichongwe kabisa: SAUTI YA KWANZA: DADA MKUBWA. Mchongaji akaniuliza kama nina uhakika, maana shaba haifutiki. Nikamwambia nafundisha historia. Akasema ndiyo maana ameuliza.

Mke wangu, ambaye ni mkunga na hana subira na vitu visivyozaliwa kwa wakati, aliuliza wakati wa chakula kwa nini nisimwendee Dada Mkubwa nikamuuliza. Yupo, ana duka la vifungo na nyuzi karibu na kituo cha mabasi. Nikamweleza kwa upole kwamba utafiti una ngazi zake. Akasema haya, panda.

Jumanne, tarehe 5 Juni

Ngazi ya kwanza: kujua silaha za adui.

Nilikwenda kliniki ya shemeji nikijifanya naumwa jino. Lengo lilikuwa kumfanya aropoke. Daktari hupenda kuongea mgonjwa akiwa amefungwa mdomo; nilitegemea hulka hiyo. Nilichosahau ni kwamba mdomo utakaofungwa ni wangu.

Kiti chake nacho kina pampu, lakini anayeikanyaga ni yeye. Alinishusha mpaka nikawa naona uvungu wa meza yake. Akaniuliza ni jino lipi. Nikaonyesha la kwanza lililokuwa karibu na kidole, la mbele. Akaligonga kwa chuma. Akasema, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwamba shemeji, nimefika wakati muafaka, hili lina ufa mpaka kwenye fizi.

Nikataka kumwambia kwamba nilikuwa natania. Kulikuwa na pamba.

Wakati ganzi ikifanya kazi aliweka "Kifungo cha Tatu". Ana santuri pale kliniki. Wagonjwa hawana pa kukimbilia. Akanieleza nadharia ya pengo kwa mapana na marefu, akisimamisha kila penye s na kuninyooshea koleo. Mwisho akasema kama nina pingamizi nilitamke sasa, la sivyo atachukulia nimekubali. Nikatoa sauti. Muuguzi wake akauliza nimesemaje. Shemeji akajibu kwamba Mwenyekiti ameridhia.

Nimerudi nyumbani bila jino. La bandia litakuwa tayari wiki ijayo, yaani baada ya Jumapili. Shemeji aliniomba radhi kwa hilo, akaonekana kama anaihisi kweli. Hodari wa kuigiza, huyu mtu.

Jumatano, tarehe 6 Juni

Nina filimbi.

Nimeigundua darasani. Somo la leo lilikuwa sababu za kusambaratika kwa safari za misafara. Kufikia neno la tatu, dawati la nyuma lilikuwa limelala kwa kicheko. Nilipowaamuru wasimame waeleze wanacheka nini, nilipiga filimbi tena, maana hakuna namna ya kusema "simameni" bila s.

Nimelitazama suala hili kwa jicho la mwanahistoria na nimetishika. Jumapili, kila nitakapofungua mdomo kumtetea Dada Mkubwa, pengo langu litakuwa linamtetea Kitinda. Nimekuwa ushahidi wa upande wa pili. Najiuliza kama shemeji hakupanga. Mke wangu anasema jino lilikuwa bovu na mimi ndiye niliyelipeleka kwa miguu yangu. Mke wangu ni dada yake. Namsikiliza nikilizingatia hilo.

Alhamisi, tarehe 7 Juni

Ushindi. Nausema polepole kwa sababu ya s zilizomo katika furaha yangu.

Nimempata fundi mitambo aliyewarekodi Wana wa Cherehani. Amestaafu, anatengeneza redio kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, kimejaa matumbo ya redio mpaka mlangoni. Nilimuuliza juu ya filimbi. Akacheka mpaka akatafuta pa kujishikiza. Filimbi ile, alisema, ni kiti. Kiti chake mwenyewe. Kilikuwa kinalia kila alipoegemea mbele kurekebisha mitambo, na alikuwa akiegemea mbele kila alipoona herufi s inakuja, kwa sababu herufi hiyo hurusha sindano ya kipimo. Kwa hiyo s ikija, anaegemea. Akiegemea, kiti kinalia. Alikuwa ameficha aibu hiyo miaka yote na ameshangaa kuona watu wazima wameijengea nadharia.

Nilimkumbatia. Redio mbili zilianguka.

Kisha nikamuuliza swali lenyewe: nani alisimama mbele? Hapo hakunisaidia. Anasema hakuwaona. Mama yao, yule mshonaji, alikuja siku ile na pazia alilolishona mwenyewe, akalitundika chumbani kati ya watoto na dirisha la fundi lisilo na kioo, na akakataa katakata liguswe. Kipaza sauti kilikuwa kimoja. Yeye alisikia watatu na hakumwona hata mmoja. Akaniuliza kama najua pazia lilikuwa la nini. Nikamwambia hilo halina uzito kwa sasa. Nilikuwa na haraka.

Shemeji aanze kuchagua ufagio.

Ijumaa, tarehe 8 Juni

Kuangusha nadharia yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuisimamisha yangu. Leo, baada ya vipindi, nilivaa shati jeupe, nikanunua maua, nikaenda kwa Dada Mkubwa mwenyewe.

Duka ni jembamba, visanduku vya vifungo mpaka darini. Naye amekaa nyuma ya meza, miwani puani, mama wa makamo aliyenyooka kama uzi. Nilisimama pale mlangoni. Nilikuwa na miaka michache tu niliposikia sauti ile kwa mara ya kwanza, kwenye redio ya jirani, nikiwa nimetumwa maji. Ndoo ilijaa ikafurika na mimi nimesimama. Haya hayamhusu shemeji, kwa hiyo sijawahi kuyasema mkutanoni.

Alinikaribisha, akaniita mwanangu, akaniambia kifungo changu kinaning'inia. Kweli, cha tatu kutoka juu. Akachukua sindano akakishona nikiwa nimevaa, akaniambia nisitikisike. Nilitikisika.

Nikamweleza kisa chote: Chama, kibao, kiti, Jumapili. Nikamwomba aje athibitishe. Akaanza kusema, mwanangu, sauti ya kwanza kwetu sisi ilikuwa… Nikamalizia, kwa heshima, kwamba ilikuwa taji. Akasema hapana, ilikuwa… Nikasema namwelewa, ilikuwa dhamana ya kifungua mimba. Akavuta pumzi, akasema Mama yetu alipokuwa anashona… Nikasema hakika ustadi huanzia nyumbani. Nadhani nilizungumza vizuri sana leo. Maneno yalinijia yenyewe, filimbi na yote.

Mwishowe akakata uzi kwa meno, akaniuliza kama huko kwenye Chama mtu huruhusiwa kumaliza sentensi. Nikamhakikishia kwamba mimi ndiye ninayeongoza mikutano. Akanitazama kidogo. Akasema basi atakuja, na atasema ukweli wote unaoweza kusemwa.

Ukweli wote! Mke wangu aliuliza hilo "unaoweza kusemwa" lina maana gani. Nikamwambia ni unyenyekevu wa wasanii.

Jumamosi, tarehe 9 Juni

Nimekwenda kuchukua kibao. Kinang'aa. Mchongaji ameniuliza tena kama nina uhakika. Nadhani ni ugonjwa.

Mchana kutwa nimeandika hotuba isiyo na s hata moja, ili pengo langu lisitumike dhidi yangu. Kazi ngumu. "Sauti" nimeiita "kile kitokacho kooni". "Santuri" imekuwa "duara jeusi", lakini humo nako s imejificha, nikalazimika kuandika "duara lenye rangi ya makaa". "Mshonaji" imekuwa "mama wa uzi". "Shemeji" siwezi kuikwepa, kwa hiyo nimemwita "ndugu wa mke wangu yule mdogo".

Nilimsomea mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Akasema kesho hana zamu hospitalini, atakuja kutazama. Hajawahi kuja mkutanoni. Nimeguswa.

Jumapili, tarehe 10 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kawaida, cha jikoni. Hakipandi.

Saluni ilijaa. Walikaa chini ya mashine zote, wengine kwenye masinki ya kuoshea nywele. Mke wangu alikaa karibu na mlango. Nilipanda kitini, nikakanyaga pampu mpaka kichwa changu kikaonekana chote kwenye kioo, nikafungua kwa hotuba. Ilikwenda vizuri hadi "mama wa uzi". Hapo mwanachama mmoja akauliza kwa sauti kama ni mtu au ni chombo. Nikaiacha hotuba nikazungumza kwa kawaida, na filimbi ikapiga, na shemeji akainamisha kichwa. Nilidhani anacheka.

Nikamwangusha kwa ushahidi wa kiti cha fundi mitambo. Shemeji alikiri kama muungwana kwamba nadharia ya pengo imekufa. Nikaunyoosha mkono kuelekea mlangoni, nikamwita Dada Mkubwa, na nikakifunua kibao.

Alikisoma. Akavua miwani, akaifuta, akakisoma tena. Kisha akawageukia watu akaomba, kama itawezekana, asikatizwe. Aliponitazama wakati akisema hivyo nilikubali kwa kichwa, kwa niaba ya wote.

Akasema sauti ya kwanza nyumbani kwao haikuwa heshima. Ilikuwa adhabu.

Nilifungua mdomo. Mke wangu, kutoka kule mlangoni, aliniita jina langu la utotoni. Nikaufunga.

Dada Mkubwa akaendelea. Mama yao alishona kutwa nzima, na watoto waliimba karibu na cherehani ili asiwapoteze machoni. Wenye sauti ya pili na ya tatu waliruhusiwa kukaa, kunywa maji, kupumzika ubeti mmoja. Mwenye sauti ya kwanza alisimama mwanzo mpaka mwisho, hana kupumzika. Kwa hiyo alipewa aliyekosa siku hiyo. Aliyemwaga maji, aliyechelewa dukani, aliyemjibu mtu mzima. Walikuwa wakiikimbia sauti ile kama watoto wengine wanavyokimbia kuosha vyombo.

Asubuhi ya kurekodi "Kifungo cha Tatu", mmoja wao alichukua mkasi akakata kitambaa cha mteja. Suti ya watu, ya kuvaliwa siku ileile. Mama akasema aliyekata ndiye atakayetangulia. Lakini njiani akafikiri kwamba santuri itasikika na watu wote, na mwanawe ataaibika mbele ya wasiomjua. Akarudi nyumbani kuchukua pazia. Akawaambia wale wawili wamfuate mwenzao karibu, karibu kabisa, waimbe kama yeye, wavute pumzi kama yeye, asiwepo mtu wa kujua ni nani ana kosa. "Ndiyo hizo sauti mnazozipenda," alisema. "Tulikuwa tunamficha mmoja wetu."

Katibu alishika kitana hewani.

Mwanachama mmoja akauliza, kwa adabu, basi alikuwa nani. Dada Mkubwa akasema anamjua, na ndugu zake wanamjua. Mama alisema ya nyumbani yabaki nyumbani, na mpaka leo yamebaki. Kisha akaniomba radhi kwa ajili ya kibao. Akasema kimechongwa vizuri.

Katibu akasoma ahadi ya wiki iliyopita. Uthibitisho haukupatikana. Nikaeleza kwamba kutopatikana si kushindwa, kwamba katika historia… Dada Mkubwa akasema, "Mwalimu, hebu shuka." Nilitafuta pampu kwa mguu na sikuiona. Shemeji akaja akaikanyaga kwa ajili yangu, taratibu, kama anavyofanya kazini kwake. Kiti kikashuka na kushusha pumzi ndefu.

Dada Mkubwa akatutazama wote wawili pale chini. Akasema amesikia tulivyogombana wiki nzima, mtu na shemeji yake, na kwamba mama yake angejua la kutufanya: angetupa sauti ya kwanza. Wote wawili. Akachukua taulo kubwa la saluni, Katibu akashika pembe moja na yeye nyingine, wakatuweka nyuma yake. "Kifungo cha Tatu," akasema. "Kusimama mpaka mwisho. Hakuna maji."

Tukaimba. *Sindano ya mama, sogea, sogea, shati lasubiri kifungo cha tatu.* Hakuna wimbo duniani wenye s nyingi kama huo. Nilipofika "sindano" filimbi ikatoka kama ya refa, na nje ya taulo nikasikia mtu anaanza kucheka. Masikio yaliniwaka. Kila mtu angejua mimi ni yupi.

Hapo shemeji, mwenye meno yote kinywani, akaanza kunikejeli. Akapiga filimbi kwenye "sogea". Akapiga kwenye "sogea" ya pili, ileile yangu, urefu uleule. Akasogea karibu mpaka bega lake likagusa langu, akawa anavuta pumzi ninapovuta, anapiga filimbi ninapopiga, kila s, mpaka mwisho wa ubeti wa mwisho. Mpaka mimi mwenyewe nikapoteza kujua ipi yangu. Kudhihakiwa namna hiyo mbele ya Dada Mkubwa! Sijawahi kuonewa kiasi hiki na ndugu wa mke.

Kule nje kicheko kilikuwa kimekatika. Taulo liliposhushwa walipiga makofi wamesimama. Wakaanza papo hapo kubishana ni nani kati yetu aliyetangulia na filimbi ipi ilikuwa ya pengo. Wakamwuliza mke wangu, maana mumewe na nduguye anawajua wote. Alikuwa anafuta macho. Akasema anajua lakini hasemi.

Nilipogeuka nikikalie kiti changu walau kwa kuaga, Katibu alikuwa amekwisha kukikalia. Uchaguzi ulifanyika tukiwa nyuma ya taulo. Alipita bila kupingwa. Alikanyaga pampu mara moja tu, kiti kikasimama katikati, akasema panamtosha. Mtu asiye na maono.

Mke wangu amemwalika shemeji kwa chakula. Amemkatia kipande kikubwa kuliko changu na kumshika bega kila anapopita nyuma yake. Nimeshindwa kuelewa mtu anazawadiwaje kwa kumkejeli mlemavu wa jino. Sikulizungumza. Mimi ni muungwana.

Jumatano, tarehe 13 Juni

Jino la bandia limewekwa. Filimbi imekwisha. Shemeji amekataa kuniambia kwa nini alinikejeli. Alisema tu, "Tuliza kinywa, shemeji," akaweka pamba.

Lakini nikiwa pale, nimelala, nikitazama uvungu wa meza yake, akili yangu ilifunguka. Sote tulikuwa tumepigwa na bumbuazi Jumapili hata hatukuona jambo lililo wazi. Dada Mkubwa alitupa jibu! Sauti ya kwanza ni ya aliyekata suti. Hatutafuti tena mwimbaji. Tunamtafuta mkosaji. Na kumtafuta mkosaji ni kazi ya historia tangu ianze.

Nilipotolewa pamba nikamwambia shemeji. Akasema, baada ya kufikiri, kwamba kama ni mkasi basi ni Kitinda, watoto wadogo ndio wenye tabia ya kukatakata. Nikamwambia haiwezekani, Kitinda asingeifikia meza ya mshonaji. Aliyeifikia ni Dada Mkubwa. Muuguzi akasema tunamsahau Kaka wa Kati. Tukamwambia sote wawili asiingilie.

Sasa niko kazini. Leo jioni nimemtembelea jirani yao wa zamani, karani wa posta aliyestaafu, aliyeishi ukuta mmoja na familia ile. Nilimwomba anisimulie utundu wote wa Dada Mkubwa. Akasema hakuwa nao. Anasema alikuwa mtoto msikivu kupita kiasi. Alibeba maji ya wazee, alisalimia mpaka paka, hakuwahi kusikika akigombezwa. Nilishtuka. Nikamuuliza kama hakuwahi hata kujibu mtu mzima. Hakuwahi. Hata kuvunja kikombe? Hakuwahi. Nimemwachia namba yangu ya simu na kumwomba akumbuke vizuri, kwa ajili ya ukweli. Mwanadamu hawezi kuwa mwema kiasi hicho pasipo kuficha jambo.

Katibu, yaani Mwenyekiti (wa muda, kwa maoni yangu), ametangaza kwamba mjadala wa sauti ya kwanza umefungwa. Umefungwa, nami nimeuheshimu. Huu wangu ni mjadala mwingine.

Njiani kurudi nilipita kwa mchonga vibao. Nafasi ipo chini ya maandishi ya kwanza. Nimemwagiza aongeze mstari mmoja: NA MTUKUTU KULIKO NDUGUZE WOTE. Aliweka chini patasi yake, akaniuliza yule mama amenikosea nini. Nikamwambia hajanikosea kitu. Nimempenda tangu nikiwa mtoto wa kutumwa maji, na sitapumzika mpaka Chama kizima kikubali kwamba alikuwa mtoto mbaya sana.